Hesabu ya Siku ni ya Watu Wawili



Mwezi uliopita mama mmoja kijana alikuja kwangu akilia. Yeye na mumewe waliafikiana apumzike kuzaa kwa muda, bila ya vidonge wala sindano. Akahesabu siku 14 tangu hedhi ilipoanza, wakajiepusha siku chache hapo katikati. Sasa ni mjamzito, na mume anamlaumu kuwa hata kuhesabu hajui.

Kosa lao ni la wengi. Yai hutoka kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi ijayo, siyo baada ya kuanza ile iliyopita. Jambo hili walilibainisha Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria katika miaka ya 1920. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 hesabu zote mbili hukutana. Mama huyu mzunguko wake ni wa siku 34. Kwake yai hutoka karibu na siku ya 20, wakati ambapo wao walikwisha kujiona salama. Isitoshe, yai haliishi zaidi ya siku moja, lakini mbegu za mume huweza kuishi hadi siku 5 mwilini mwa mke. Ndiyo maana siku za kushika mimba ni kama 6.

Mwili wenyewe hutoa ishara. Siku hizo zikikaribia, ute wa ukeni huwa mwepesi, wa kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi. Yai likishatoka, joto la mwili hupanda kidogo, na hubaki juu hadi karibu na hedhi. Hupimwa mara tu mtu aamkapo, kabla ya kuinuka kitandani. Lakini mwenye homa, au anayefanya kazi za usiku kama wengi wetu huku ugenini, asilitegemee joto hilo peke yake.

Mwenye mzunguko usiopungua siku 26 wala kuzidi 32 aweza kujiepusha tangu siku ya 8 hadi ya 19. Wakiifuata hesabu hii barabara, wanawake kama 5 katika 100 hushika mimba kwa mwaka. Kwa mazoea ya watu, kama 12. Haimfai aliyejifungua karibuni, mpaka mzunguko wake utengemae. Na ambaye mimba itamhatarisha asitosheke nayo, amwone daktari.

Wanawake wetu huhesabu siku zao tangu kubaleghe, kwa ajili ya sala, saumu na eda. Waliokosa hesabu hiyo ni waume. Basi kalenda iwe ya wote wawili, na subira iwe ya wote wawili. Asiyejua hedhi ya mkewe ilianza lini hana haki ya kumlaumu. Na mtoto ajaye apokewe kwa furaha. Yeye ni amana, wala hakukosea hesabu.

Wabillahi tawfiq.