Mizani ya Tuzo ya Tabia

Wako wasemao kwamba tuzo ya tabia njema ni bora kuliko tuzo ya hesabu, kwa kuwa mwerevu asiye na adabu ni hasara kwa watu. Usemi huo sina ugomvi nao. Nigombanalo ni mizani: ni nani aishikaye?

Natuutazame wasia wa Cecil Rhodes, aliyefariki mwaka 1902. Aliacha mali ya kuwasomesha vijana huko Oxford, na baadhi ya nafasi akazitenga kwa shule nne za wavulana za Koloni la Rasi, Afrika ya Kusini. Masomo hayakupewa hata nusu ya alama. Zilizobaki zilikuwa za michezo, za uongozi, na za sifa alizoziita za uanaume: ukweli, ushujaa, kuwahurumia wanyonge na kuwalinda. Alama za michezo na za uanaume alitaka zitolewe kwa kura ya wanafunzi wenyewe.

Mtu aweza kudhani kura hiyo ni haki tupu, kwani nani amjuaye mwanafunzi kuliko wenziwe wa bweni? Lakini shule zile zilikuwa za Wazungu. Mtoto wa Kixhosa, hata angekuwa mkweli namna gani, hakuwamo katika wapigao kura wala wapigiwao. Wasia wakataza kumbagua mtu kwa taifa lake. Mwenyewe aliwafikiria Waingereza na Makaburu. Na huyu msifu wa kuwalinda wanyonge ndiye, alipokuwa waziri mkuu wa Rasi, aliyepitisha sheria ya Glen Grey ya mwaka 1894, iliyowatoza shilingi kumi wanaume Waafrika wasiotoka wilayani mwao kwenda kufanya kazi! Wasichana nao, ambao uanaume haukuwahusu, walingoja hadi mwaka 1977.

Nitaambiwa hayo yamekwisha kurekebishwa. Naam, milango imefunguliwa. Lakini desturi ya kumtuza afananaye na mpimaji ingaliko, hata katika shule zetu. Mwanafunzi aulizaye kwa nini mwenziwe ameadhibiwa bila kosa huandikwa mkaidi, na anyamazaye huitwa mbele apewe kitabu. Je, mkweli ni yupi kati yao?

Basi kila shule itoayo tuzo hii na itangaze hadharani kitendo alichotenda mshindi, pamoja na majina ya waliompima.