Farumi ya Stockholm

Jioni moja hapa Kaaga, mwenzetu aliyekuwa amerejea kutoka Uswidi alitusimulia matembezi ya siku tatu aliyoyafanya na marafiki zake mjini Stockholm mwezi wa Julai. Alianza kwa Kiswahili kizuri. Alipofika kwenye feri akasita, akatuomba radhi, akahamia Kiingereza. Alidai kwamba mambo ya huko hayasemeki kwa Kiswahili. Tulikuwa watano, sote wanafunzi wa Kiswahili, na hakuna aliyempinga. Nami nilinyamaza. Makala haya ni majibu niliyopaswa kumpa siku ile.

Hebu tuyatazame hayo yasiyosemeka. Stockholm imejengwa juu ya visiwa 14. Katika kimoja chao, Djurgården, imehifadhiwa merikebu iitwayo Vasa, iliyozama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, kabla hata haijatoka bandarini. Ilikuwa nzito upande wa juu. Upepo ukailaza, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga. Iliopolewa mwaka 1961. Ndugu msomaji, ni neno gani lililokosekana hapo? Lugha iliyozaliwa penye milingoti na matanga haiwezi kushindwa na chombo cha Waswidi. Labda sisi tuliolelewa kwa Kimeru, mbali na bahari, ndio tunaoshindwa, lakini hilo ni shauri jingine.

Pamoja na hayo, kuna jambo moja ambalo nakiri lilimtatiza kwa haki, nalo ni saa. Kaaga iko kilomita chache tu kutoka ikweta, na saa yetu ya Kiswahili huhesabiwa kwa jua linalochomoza na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima. Mapema mwezi wa Julai, jua la Stockholm huchomoza kabla ya saa kumi alfajiri na kutua yapata saa nne usiku. Marafiki zake walipoagana kukutana saa tatu, jua lingali likiwaka, je, aseme saa tatu usiku? Ama jioni? Swali hilo ni tamu kuliko mengi tunayoulizwa katika mitihani, na mtu hawezi kulifikia iwapo amekwisha kuihama lugha yenyewe.

Waliotutangulia hawakuihama. Mwaka 1896 Selim bin Abakari alisafiri na mwajiri wake Mjerumani hadi Petersburg, mji ulio karibu katika latitudo moja na Stockholm, akaendelea mpaka Siberia. Masimulizi yake yalichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Safari hiyo aliifanya miaka 34 kabla ya kuundwa kwa kamati ya kusanifisha Kiswahili mwaka 1930. Hakuwa na kamusi sanifu, wala hakuomba radhi.

Yamkini mtu atanijibu kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi wa Nobeli mjini humo humo Stockholm tarehe 7 Oktoba 2021 kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza. Ni kweli, na simlaumu. Mwandishi huchagua kalamu yake. Hata hivyo, riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise, ilitufikia kwa jina la Peponi mwaka 2022, baada ya miaka 28. Tena Uppsala, mwendo mfupi wa gari moshi kutoka Stockholm, Mzanzibari mwingine, Abdulaziz Lodhi, alifundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Waswidi wamekaa darasani kujifunza lugha ambayo mwenzetu aliiweka kando alipopanda feri yao.

Wiki iliyopita nilimwomba atusimulie upya, kwa Kiswahili, tangu mwanzo. Alikubali shingo upande. Alipofika kwenye Vasa alikwama tena: yale mawe yanayopakiwa tumboni mwa chombo ili kisiyumbe, ambayo katika merikebu ile hayakutosha, yanaitwaje? Alinitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyemchokoza. Sikujua. Hakuna aliyejua. Tulifungua kamusi, tukapekua kwa muda, tukalipata: farumi. Akaendelea. Mpaka tunaachana usiku ule alikuwa bado katika siku ya kwanza.