Paketi Isiyosema Ukweli: Barua kwa Wajomba wa Matambarale

Wajomba zangu, mama zangu na wadogo zangu wa Matambarale,

Msimu wa korosho unakaribia, minada ya RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika, itafunguliwa, na fedha zikiingia kijijini wachuuzi huingia nazo, wakishusha simu, vitenge na kila kinachouzika. Siku hizi kuna pia vijana wanaolipwa kwenye migodi ya kinywe. Nawaandikia mapema kuhusu bidhaa moja ambayo huku Manchester nimeiona ikiharibu watu.

Wanaoiuza huiita bangi halali. Si bangi na haina jani la bangi ndani yake. Profesa mmoja wa Marekani, John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, alitengeneza katika maabara kemikali za kuchunguzia namna ubongo unavyopokea kilevi cha bangi. Zilikuwa za utafiti tu. Wengine wakazichukua fomula zake kwenye majarida ya kisayansi, wakatengeneza unga, wakauyeyusha na kuunyunyizia majani makavu, wakayatia kwenye paketi za rangi na kuandika juu yake kuwa ni ubani, usitumiwe na binadamu. Ndiyo Spice. Iliuzwa madukani Ulaya miaka kadhaa, mchana kweupe, kwa risiti. Desemba 2008 ndipo wataalamu wa Ujerumani walipoipima na kukuta ndani yake kemikali iitwayo JWH-018, yenye herufi za jina la yule profesa.

Kwenye kule kunyunyizia ndiko kuna balaa. Ninyi mnajua upepo ukigeuka wakati mnapuliza salfa: mkorosho mmoja unafunikwa na unga, wa pili unaambulia vumbi. Majani yale ni hivyo hivyo. Kijana anavuta leo hasikii kitu. Kesho, kutoka paketi ile ile, anavuta mara mbili anaanguka. Na nguvu yenyewe si ya bangi. Kilevi cha bangi huamsha sehemu ya ubongo kwa kiasi. Nyingi ya kemikali hizi huiamsha mpaka mwisho wa uwezo wake. Moyo huenda mbio, mtu hutapika, hushikwa na degedege, huona na kusikia visivyokuwepo, figo huweza kushindwa kazi. Wapo wanaokufa. Julai 2016, Brooklyn jijini New York, watu 33 walizidiwa kwa siku moja wakawa kama waliotolewa roho huku wamesimama. Maabara ilipopima ilikuta kemikali yenye nguvu mara 85 ya kilevi cha bangi.

Mwaka uliofuata tuliyaona hayo hapa Manchester, katika bustani ya Piccadilly katikati ya mji. Watu wazima wameinama, mikono inaning'inia, wameganda kando ya kituo cha tramu huku wapita njia wakiwazunguka. Wengi hawakuwa na makazi. Nilitaka sana mmoja wenu awe pale aone, kwa sababu kwa maneno naona sielezi vya kutosha.

Serikali ya Uingereza ilikuwa imeshapiga marufuku kuuzwa kwa vitu hivi tangu tarehe 26 Mei 2016. Maduka yaliacha, wauzaji wa vichochoroni wakachukua nafasi. Na kila kemikali inayokatazwa, watengenezaji hubadilisha kipande chake kidogo, ikazaliwa nyingine. Ulaya peke yake imeshaorodhesha zaidi ya 250. Sasa zimehamia kwenye maji ya sigara za umeme na kwenye pipi laini. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Bath kilipima sigara za umeme zilizonyang'anywa wanafunzi katika shule 38 za England: moja kati ya kila sita ilikuwa na Spice. Novemba 2023, kwenye tamasha huko Koganei, Tokyo, watu walikula pipi walizogawiwa wakaishia hospitali.

Msiseme ni mambo ya mbali. Mayotte, ng'ambo ya bahari yetu, vijana wanavuta tumbaku iliyochanganywa na kemikali hizi, wanaiita chimique. Sierra Leone ilitangaza hali ya dharura Aprili 2024 kwa sababu ya dawa ya kulevya iitwayo kush, na humo pia kemikali hizi zimekutwa. Mpwa wangu yuko sekondari, na ameniomba nimtumie sigara ya umeme yenye ladha ya embe, kwa vile anaamini kinachotoka Ulaya kimepimwa. Nimemkatalia, na nimemweleza sababu hizi hizi.

Mnakumbuka viroba, zile pombe kali za vipakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017, na shisha mwaka mmoja kabla, wakati Kassim Majaliwa wa Ruangwa yetu akiwa Waziri Mkuu. Kiroba kiliua vijana wetu, lakini angalau mnywaji alijua kwamba anakunywa pombe. Kwenye paketi za Spice maandishi ni uongo, hata muuzaji mwenyewe hajui anauza nini.

Kwetu mpwa akiharibikiwa, anayeulizwa ni mjomba. Kwa hiyo nawaomba wajomba: mikutano ya AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika, ikianza, litajeni jambo hili kabla ya malipo. Mwenye duka asipokee sigara za umeme, pipi za kulevya wala majani ya paketi kutoka kwa mchuuzi asiyejulikana. Sisi wa ughaibuni tusiombwe kutuma, na anayetuma akataliwe. Mkiona biashara hiyo, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupokea simu bure kwa namba 119.

Na kijana akianguka, msimpe maziwa wala msimfungie ndani kwa aibu mkisema ana majini. Mlazeni ubavu, mwondoeni penye vitu vya kumuumiza, mtafutieni gari mara moja, apelekwe hospitali Nachingwea, Ruangwa au Ndanda. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini. Madaktari hutuliza degedege, hulinda pumzi na moyo mpaka imwishie. Kipimo cha kawaida cha mkojo cha bangi hakiioni, kwa hiyo daktari anaweza kuambiwa na karatasi kwamba mgonjwa hajatumia chochote. Waliokuwa naye wamwambie kweli yote, na paketi, hata kama ni tupu, waende nayo mkononi.

Wenu,
kijana wenu wa Manchester