Daftari la Wiki: Tatu za Feri

Nyuma ya tuktuk moja hapa Feri pameandikwa: "Mgeni siku mbili." Basi. Siku ya tatu na jembe lake kaachiwa msomaji. Sikuipenda. Mtume amempa mgeni siku tatu za kukirimiwa, na kinachozidi hapo ni sadaka. Sisi watu wa pwani tulianza lini kumpunja mgeni siku yake?

Katika takhmisa, mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe na kuitanguliza mitatu yake. Ndivyo ilivyo Takhmisa ya Liyongo. Wa leo husema mengi, na neno la mwisho humwachia mkubwa wake. Adabu iliyoje!

Kijana mmoja kwenye foleni ya feri kaniambia Kilindini ni bandari. Ni bandari, naam. Lakini kabla ya winchi na makontena palikuwa na mji, na mji ulikuwa na wenyewe: Wakilindini. Hao, pamoja na Wachangamwe na Watangana, ndio Thelatha Taifa. Wa pili wao ni Tisa Taifa, Wamvita wakiwemo. Jumla yao Taifa Kumi na Mbili za Waswahili wa Mombasa. Watatu hawakumezwa na tisa. Walikuwa na shekhe wao na msimamo wao, na siasa za Mombasa za enzi ya Mazrui hazisomeki mpaka ujue nani alikuwa upande gani. Baadaye mji wa Kilindini ukahamwa, wenyewe wakaja kukaa upande wa Mji wa Kale, jina likabaki majini. Nimeshalisema humu na nitalisema tena: watoto wa Mombasa wafundishwe mataifa haya kumi na mawili kabla ya kukaririshwa safari za Vasco da Gama. Maelfu wanavuka Likoni kila asubuhi, wanapita mlangoni mwa watu bila hodi.

Muuza viazi karai karibu na njia ya kushukia ana mafiga mawili ya jiwe, la tatu kipande cha tofali. Karai limelala, mafuta yamekimbilia upande mmoja, viazi vya upande wa pili vinatoka vyeupe. CCM ilipoomba kura za "mafiga matatu" mwaka 2005, yaani rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, kila mpishi alielewa. Nami nasema mpiga kura akague figa mojamoja.

Miaka mitatu, 1969 hadi 1972, Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikaa gerezani kwa kuandika "Kenya: Twendapi?" Humo akatunga Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973. Nimeitafuta madukani wiki hii, sikuipata. Mwenye nakala awaazime vijana.