Mgeni Njoo: Billy Wilder na Lugha ya The Apartment

Aghalabu hudaiwa kwamba ucheshi wa lugha ni milki ya wazawa wa lugha hiyo. Kwamba mgeni aweza kujifunza sarufi akahitimu, ila utani wenyewe utamponyoka. Dai hili limekita mizizi hata miongoni mwa wasomi. Anayelishikilia hana budi kuieleza The Apartment, filamu ya vichekesho na mapenzi iliyotolewa mwaka 1960 na kupata tuzo 5 za Oscar, ikiwemo ya mswada.

Mswada huo uliandikwa na watu wawili. Billy Wilder, ambaye ndiye pia aliyeiongoza filamu, alizaliwa mwaka 1906 katika mji wa Sucha, uliokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria na ambao leo umo Poland. Lugha aliyoifanyia uanahabari Vienna na Berlin ilikuwa Kijerumani. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, Wilder, aliyekuwa Myahudi, alitorokea Paris, na mwaka uliofuata akawasili Marekani akiwa na Kiingereza cha kuokoteza. Mwenzake, I. A. L. Diamond, alizaliwa Romania mwaka 1920 na kuhamia New York utotoni.

Mhusika wao mkuu, Baxter, ni karani wa kampuni ya bima ambayo makao yake makuu jijini New York yana wafanyakazi 31,259. Wakubwa wake huiazima nyumba yake ili wakutane humo na vimada wao, naye, kwa ukarimu huo wa shingo upande, hupandishwa cheo. Kisha anang'amua kwamba Fran Kubelik, mwendesha lifti anayempenda, ni kimada wa mkurugenzi Sheldrake.

Hapo ndipo sikio la mgeni linapojidhihirisha. Wakubwa hao wana mazoea ya kubandika kiambishi tamati -wise, chenye maana ya 'kwa upande wa', kwenye karibu nomino yoyote inayowajia mdomoni. Mzawa hupitwa na usemi kama huo kila siku ofisini bila kuutambua. Wilder na Diamond waliunasa, wakaufanya maradhi ya kuambukiza. Fran, aliyenusurika baada ya kumeza vidonge vya usingizi usiku wa kuamkia Krismasi, anamuuliza Baxter mbona hapendi kamwe mtu mwema kama yeye. Baxter anamjibu kwa nahau iliyochakaa kuhusu biskuti inavyovunjika, na hata nahau hiyo anaifunga kwa -wise! Moyo umemjaa, lakini ulimini hana ila msamiati wa ripoti ya mauzo. Hadhira inacheka, kisha inasita.

Dhidi ya kiambishi hicho limewekwa neno moja la Kiyidi: mensch. Daktari Dreyfuss, jirani anayemdhania Baxter kuwa mhuni, anamsihi awe mensch, na papo hapo analazimika kulifasiri: binadamu. Fasiri hiyo ya Kiingereza imepwaya. Katika Kiswahili hapana taabu: awe mtu, kwa maana ileile inayokusudiwa mzee anaposema kwamba fulani si mtu. Wilder alimpoteza mama yake katika mauaji ya Wayahudi; ni muhali kulichukulia neno hilo kuwa pambo. Baadhi ya wahakiki wa 1960 waliiona filamu hii chafu. Waliangalia kitanda, hawakusikiliza maneno.

Yamkini atatokea wa kupinga, aseme kwamba Wilder alizoea kuandika na wenzake, na kwamba hadi 1950 mwenza wake mkuu alikuwa Charles Brackett, Mmarekani wa kuzaliwa. Ni kweli. Ila The Apartment ilikuja miaka 10 baada ya wawili hao kutengana, na aliyekaa mahali pa Brackett ni Diamond, mhamiaji mwingine.

Mwishowe Sheldrake anaudai ufunguo wa nyumba. Baxter anampa ule wa msala wa wakubwa, anaacha kazi, na kusema anafuata amri ya daktari. Usiku wa kuukaribisha mwaka mpya Fran anamfuata nyumbani, wanaketi kucheza karata. Baxter anamwambia kwamba anampenda, na katika kauli hiyo hamna -wise. Fran hamjibu kwa mahaba. Anamkabidhi karata, anamwamuru anyamaze, agawe.