Rangi Iliyobanduka na Lugha ya Dhamana

Gari nililolinunua likiwa jipya lilianza kubanduka rangi kwenye boneti kabla ya miaka miwili kwisha, ilhali cheti cha dhamana kinataja miaka mitatu. Nilimwandikia muuzaji kwamba "rangi imebanduka". Alinijibu kwa neno moja: jua.

Kosa lilikuwa langu, tena mimi mwalimu wa isimu! Kitenzi "banduka" ki katika kauli ya kutendeka, ambayo haimtaji mtenda. Nilimwachia muuzaji nafasi tupu, naye akalijaza jua humo.

Barua ya pili niliiandika vingine: rangi ya juu haikushikamana na tabaka lililo chini yake. Jua huififisha rangi polepole. Bali rangi itokayo vipande vipande, mithili ya gome la mpera, aghalabu huwa na ila ya tangu kiwandani. Wala sikukubali kuipaka upya kwanza, maana ushahidi ungefunikwa.

Cheti kinakataa kulipia "uchakavu wa kawaida". Kawaida ya nani? Kanuni kongwe ya mikataba hufasiri neno lenye utata dhidi ya aliyeliandika. Isitoshe, Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora ufaao, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro zake.

Haya yote nimeyaandika, nikaambatisha picha zenye tarehe. Nakala iliyopigwa muhuri wa muuzaji ninayo. Jibu bado ninalingoja.