Tubwage Moyo, Tusibwage Deni

Wazee wa Bagamoyo husema kwamba jina la mji wao limetokana na maneno "bwaga moyo". Wapagazi waliotoka bara na pembe mabegani, walipoiona bahari walijua kuwa safari imekwisha. Siku hizi safari imegeuka. Ni vijana wa pwani, wa Bagamoyo, Kerege na Mapinga, wanaotamani kwenda ng'ambo, na mzigo wanaotaka kuubeba ni elimu. Tayari wapo Watanzania wanaofundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mpango wa Fulbright, na wapo walimu wetu katika nchi nyingine nyingi.

Jambo hilo ni la fahari kwetu. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwanachama anajua kuwa hiyo ndiyo tarehe TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Mwaka 2022 nchi yetu na Afrika Kusini zilitia saini mapatano juu ya kufundisha Kiswahili katika shule za huko. Lugha iliyotuunganisha tulipodai Uhuru sasa inaitwa kwa wageni. Nani atamlaumu mwalimu aliyeitika?

Lakini kuna jambo moja ambalo hatuwezi kulinyamazia. Wako ndugu zetu ambao, wakishavuka mpaka, huona kwamba deni la Bodi ya Mikopo limebaki bandarini. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Mwalimu aliyesoma kwa mkopo wake na kuajiriwa hapa nchini hana njia ya kukwepa: mwajiri humkata 15 kwa mia ya mshahara kabla haujamfikia mkononi. Mwajiri wa ng'ambo hafungwi na sheria yetu. Huko hakuna anayekata. Mwalimu anabaki na dhamiri yake tu.

Na iulizwe dhamiri hiyo: fedha hizo zilikuwa za nani? Si za waziri, wala si za Bodi. Mama anayelima mwani Mlingotini hakusoma chuo kikuu, lakini analipa kodi kila anunuapo sabuni. Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa huenda hana mtoto aliyefika kidato cha sita, lakini naye kachangia. Hawa ndio waliomkopesha mwalimu.

Wanawake wetu wa pwani wanaujua mchezo wa upatu. Kila mtu hutoa chake, na kila siku ya mchezo mmoja hupokea. Aliyepokea mwanzo akahamia mji mwingine asitoe tena, je, amemdhulumu mshika fedha? La. Amemdhulumu yule ambaye zamu yake haijafika. Mikopo ya wanafunzi ndivyo ilivyo. Marejesho ya waliomaliza hukopeshwa wanaoanza. Kijana wa Bagamoyo aliyepata nafasi ya chuo akarudi nyumbani kwa kukosa ada anamngojea mwenzake aliyekwisha kupokea.

Mwaka 1964, alipoeleza Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Akila asirudishe kitu, ni msaliti. Tukumbuke kwamba katika mfano huo kwenda mbali si kosa. Mtu yule alitumwa aende mbali! Kosa ni kusahau waliobaki na njaa.

Kwa hiyo tunawakatalia pia wale wanaomwita mwalimu mtoro kwa sababu tu kaondoka. Walimu wengi wamehitimu na kukaa miaka bila kuajiriwa. Anayekwenda kutafuta kazi ya halali anakwenda na mzigo wa kodi ya nyumba, nauli, mama mgonjwa na ada za wadogo zake. Twajua pia kwamba makato yalipopanda kutoka 8 hadi 15 kwa mia mwaka 2016, na deni likaongezwa 6 kwa mia kila mwaka kwa ajili ya kulinda thamani ya mkopo, wengi walikata tamaa, maana walilipa na deni halikupungua. Ongezeko hilo liliondolewa mwaka 2021. Udhuru huo umekwisha.

Basi tunawaambia ndugu zetu walioko ng'ambo: msingoje siku ya kulipa kwa mkupuo, maana siku hiyo haiji. Fedha za mama zinatumwa kila mwezi. Za deni nazo zitengwe siku hiyo hiyo, hata kama ni kidogo. Deni lenu ni la shilingi, na mshahara wenu ni wa fedha za kigeni. Shilingi ikishuka, mzigo wenu unapungua na wa mwenzenu aliyeko nyumbani haupungui. Iarifuni Bodi mlipo, na kila stakabadhi itunzwe. Msimwache mzee aliyetia saini ya udhamini aulizwe habari zenu naye hana la kujibu.

Serikali nayo inao wajibu. Inapotia saini mapatano ya kupeleka walimu, na iweke humo njia ya kulipa mikopo yao. Hesabu ya kila mdaiwa iwe sahihi na aione wakati wowote. Anayelipa kwa hiari kutoka mbali anastahili kujibiwa upesi na kwa heshima, kwani hakulazimishwa na mtu.

Na matawi yetu yafanye kazi yao. Kijana anapoagwa, asiagwe kwa ngoma na pilau tu. Aambiwe na wazee wake kwamba dawa ya deni ni kulipa. Bagamoyo tubwage moyo, ndugu zetu. Deni tusilibwage.

Uhuru na Kazi.